Saa ya Shemeji na Setilaiti

Baba alikuwa mgonjwa wa Safari Rally, na kisa alichokirudia kuliko vyote ni cha mwaka 1973. Shekhar Mehta na Harry Källström, kila mmoja ndani ya Datsun yake, walimaliza maelfu ya kilomita za vumbi na tope wakiwa wamelingana dakika za adhabu. Ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare, na ushindi ukaenda kwa Mehta. Sisi tulikua tukijua kwamba mbio za magari huhesabiwa kwa dakika, hata kwa saa. Aliyefika nusu saa kabla ya mwenzake hahitaji kifaa cha ajabu kumthibitishia.

Kwa hiyo nilipohamia Uingereza na kuanza kuipeleka Mazda MX-5 yangu kuukuu Brands Hatch, kule Kent, sehemu ya kumi ya sekunde ilikuwa jambo geni kwangu. Huko kuna siku ambazo mtu yeyote mwenye leseni, gari zima na kofia ngumu hulipa ada, akaingia kwenye uwanja wa mbio na gari lake mwenyewe. Njia fupi ya Brands Hatch, ile wanayoiita Indy, haifiki kilomita mbili. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inakata kulia huku barabara ikiporomoka chini yako, na utumbo unabaki juu. Kisha unapanda hadi Druids, kona iliyojikunja kabisa, unashuka tena kwenda Graham Hill, na kabla hujatulia umeshafika Clearways na kurudi mbele ya jukwaa. Gari kama langu linamaliza mzunguko kwa dakika moja na sekunde chache, na ndani ya hizo sekunde chache ndimo ugonjwa unamoanzia.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa shemeji. Amefundisha michezo shuleni miaka mingi, na saa yake ya kupimia wakimbiaji haikuwa ikimtoka shingoni. Alisimama kwenye uzio na daftari la mistari, penseli sikioni. Nikitoka, ananisomea kama anayetoa matokeo ya mtihani.

"Shemeji, moja na sita nukta nne. Ule wa nyuma ulikuwa moja na saba. Halafu ukaharibu."

"Niliharibu wapi?"

"Hapo sijui. Mimi naona unapita tu."

Jibu hilo lina uzito kuliko alivyolikusudia. Saa ya mkononi inakwambia umechelewa, haikwambii umechelewea wapi. Na hata huko kuchelewa kwenyewe ni kwa kukisia. Gari likipita mstari kwa kilomita 144 kwa saa, linakwenda mita 40 kila sekunde. Kidole gumba kikisita sehemu mbili za kumi za sekunde, na kidole cha binadamu husita, gari limeshasogea mita nane. Shemeji alikuwa hodari, lakini nusu ya maendeleo aliyoniandikia daftarini huenda yalikuwa ya kidole chake.

Isitoshe, asubuhi moja msimamizi wa njia alimfuata akamwomba kwa adabu aitie saa mfukoni. Wageni wengi hawalijui hili: waandaaji wengi wa siku za namna hii Uingereza wanakataza kupima muda. Ukishaanza kuhesabu nani ana kasi zaidi, shughuli inaanza kufanana na mashindano, na mashindano yana vibali vyake, leseni zake na bima yake. Ndiyo maana pia kupitana kunafanywa upande mmoja tu, tena kwa ridhaa ya anayepitwa. Ujerumani, kwenye Nordschleife ya Nürburgring, siku za watalii ni vivyo hivyo, kwa kuwa wakati huo ile njia inahesabiwa kama barabara ya kulipia, yenye sheria za barabara. Shemeji aliitia saa mfukoni akaenda kunywa chai. Naiona kanuni hiyo ni ya haki. Nimewaona watu wazima, baba za watu, wakiingia Paddock Hill kwa hasira kwa sababu ya tarakimu iliyoandikwa kwenye kadibodi.

Tukahamia kwa muda kwenye karti, vile vigari vidogo vya mbio, ambako muda ndio biashara yenyewe. Huko kila karti ina transponda chini, yaani kisanduku kinachotoa ishara, na waya uliofukiwa barabarani unaisikia inapopita. Ukishuka unapewa karatasi yenye mizunguko yako yote hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Wenye karti zao wenyewe walifunga saa za Kiitaliano za AiM kwenye usukani, zinazohisi ukanda wa sumaku uliolazwa ndani ya lami. Kwenye magari kulikuwa na namna nyingine: unasimamisha kitoa mwale wa infraredi kando ya njia, na kipokezi ndani ya gari kinausoma kila unapopita. Ni kizuri mpaka gari la jirani likukinge mwale, au kipokezi kisome mwale wa mtu mwingine aliyesimamisha chake hatua chache mbele. Siku hiyo utajiona bingwa wa dunia.

Lililobadilisha mambo halikutoka kwa watu wa magari. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kipokezi cha kawaida kingeweza kukosea hadi mita mia. Ungeambiwa uko Druids nawe umeegesha gari unakula mkate. Kosa lilipoteremka hadi mita chache, setilaiti zikawa shahidi wa kuaminika. Kampuni kama Racelogic ya Buckingham ikatengeneza VBOX, ambayo haihitaji mtu kwenye uzio wala mwale kando ya njia. Mstari wa kumalizia unauchora wewe mwenyewe kwenye ramani. Bei, hata hivyo, ilikuwa ya wenye timu, si ya mtu anayekuja na matairi yake ya akiba kwenye kiti cha abiria.

Baadaye simu zikaingia. Programu ya RaceChrono, kazi ya Wafini, ilianza kwenye simu za Nokia, na wengi wetu tuliunganisha simu na kipokezi kidogo cha GPS kwa Bluetooth. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wauzaji hawakiwekei mkazo. GPS ya simu yenyewe kwa kawaida hupiga mara moja kwa sekunde. Kwenye mnyooko hilo si tatizo kubwa: programu inachukua nukta mbili zilizoachana mita 40, inakokotoa ulivuka mstari saa ngapi, na jibu linakaribia ukweli. Lakini Druids unaizunguka kwa sekunde nne au tano. Nukta nne au tano ndizo zinazobaki za kuieleza kona nzima, na ramani inakuchorea pembe badala ya mviringo. Muda wa mzunguko ni sawa, habari za kona ni uongo. Kipokezi cha mara 10 kwa sekunde kinaweka nukta kila mita nne kwenye mnyooko. Vya siku hizi, kama RaceBox Mini, hupiga mara 25, yaani kila mita moja na nusu hivi, navyo vinaingia kwenye kiganja.

Hapo swali langu kwa shemeji likapata jibu. Jioni moja tulifungua kompyuta mezani, mistari miwili ya kasi ikapandana, mzunguko wangu bora na mzunguko wa kawaida. Mimi niliamini napoteza muda Paddock Hill, kwa sababu ndipo ninapoogopa. Mistari ilionyesha Paddock Hill sina deni. Deni lilikuwa Clearways, ambako nilikuwa nakanyaga mafuta mapema, gari linatanuka, nayaachia, nakanyaga tena, na kosa hilo nalibeba mnyooko mzima. Shemeji aliweka kidole kwenye lile bonde dogo la mstari akasema, "Sasa naona." Kisha akaagiza nisiguse mafuta mpaka usukani uanze kunyooka, kwa sauti ileile anayowapigia wakimbiaji wa mita 400.

Tangu hapo nimejaribu na kuazima vifaa vya kila aina. Skrini zinazoonyesha papo hapo kama uko mbele au nyuma ya mzunguko wako bora ni tamu, lakini zinakuvuta macho mahali yasipostahili kuwa. Garmin Catalyst ya mwaka 2020 ilikuja na wazo la busara zaidi: inakusemesha sikioni, na inaunga vipande ulivyowahi kuendesha kweli ili kukuonyesha mzunguko ulio ndani ya uwezo wako. Ilitoka kwa karibu dola 1,000, na kwa pesa hizo mimi ningenunua matairi na siku kadhaa za uwanjani, pamoja na saa moja ya mwalimu kwenye kiti cha pembeni.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, soma kwanza masharti ya mwandaaji wako. Akikataza kupima, usifunge chochote. Akiruhusu, nunua kipokezi kidogo cha nje kisichopungua mara 10 kwa sekunde, kifunge sawasawa mahali panapoiona anga, simu iwe mfukoni au kwenye droo, na namba uzisome gari likiwa limezimwa.