Mashine Haina Shida, Shida ni Maji

Wasee, tuongee ukweli kuhusu mashine za kuosha vyombo. Mtu akisikia kwetu iko moja, anacheka kwanza, halafu anauliza: "Si hiyo ni ya Wazungu? Nairobi maji yatatoka wapi?" Kicheko nakiwacha. Swali la maji ndilo nataka kulijibu, kwa sababu naona watu wakiuza mashine nzima kwa bei ya kutupa, ama wakimlipa fundi pesa ya rent, na ugonjwa wenyewe umekaa kwa tangi juu ya paa.

Kwetu hatukuinunua kwa maringo. Mathe hupikia watu wa sherehe, na daktari alimkataza kushika maji ya sabuni kwa sababu ngozi ya mikono yake hupasuka hadi kutoka damu. Tukachanga, tukapata Bosch ya mtumba kutoka Uingereza. Ilifanya kazi bila maneno kwa miezi mitatu, halafu ikaanza kusimama katikati na kuandika E18. Na mashine ikisimama, unajua nani husimama kwa sinki? Si broo zangu wawili. Ni mimi na dadangu, na dadangu yuko kidato cha nne. Sufuria za harusi ya watu 200 hazijui mtu ana mtihani.

Fundi alikuja, akasikiliza mashine dakika mbili, akasema pampu imekufa, alete nyingine kwa 14,000. Nilimwambia angoje kidogo, nikachukua kitabu cha mashine.

Hii ndiyo sehemu watu wengi hawaambiwi. Mashine haina pampu ya kuvuta maji kutoka mferejini. Yetu ina pampu mbili: moja hurusha maji kwa vyombo, nyingine humwaga yale machafu. Maji safi huingia kwa presha ya bomba lenyewe. Valvu ndogo ya umeme hufunguka, maji yanajileta. Yasipojileta, mashine inangoja, inachoka, inaandika E18. LG nayo huandika IE. Maana ni moja: maji hayajanifikia. Sasa pampu inaingilia wapi hapo?

Kitu kingine ni siku. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na hayatoshi jiji lote, kwa hivyo mitaa hupewa kwa zamu. Kwetu ni siku mbili kwa wiki. Nikaanza kuandika kwa simu: siku ya maji na ya kufuata, mashine inaosha poa. Wikendi ikifika, E18. Valvu iliyokufa haiwezi kujua leo ni Jumapili.

Hesabu yake ni fizikia ya shule. Maji yakiwa juu yako mita 10, yanakupa presha ya kama ba 1. Kitabu chetu kinataka angalau ba 0.5. Tunaishi orofa ya mwisho, na kutoka mfereji wa mashine hadi kitako cha tangi ni kama mita 4 tu. Tangi likijaa, unaongeza mita 1.5 ya maji yenyewe, unapata 0.55. Umepita, lakini kwa ukucha. Tangi likikaribia kuisha umebaki na 0.4 na kitu, na mashine inagoma. Jirani wa chini kabisa ana orofa tatu za presha ya bure. Ndiyo maana shawa yake inamwaga na yetu inadondoka, na bado sisi wote tunalipa rent sawa. Hiyo nitaiongelea siku nyingine.

Ukitaka kujua kwako, chukua ndoo. Funga mfereji wa mashine, fungua mpira, weka ndoo chini, fungua mfereji hadi mwisho na uhesabu dakika moja. Kitabu chetu kinataka lita 10. Jumapili tulipata 6. Kama ndoo inajaa vizuri, rudi kwa mashine: labda mpira umekunjwa nyuma, umebanwa na ukuta. Kama ndoo haijai, hakuna fundi wa mashine atakusaidia, hata abadilishe nini.

Halafu kuna kichujio. Pale mpira unapoingia kwa mashine kuna wavu mdogo hivi, kama kifuniko cha chupa ya soda. Maji yakirudi baada ya siku nne za ukavu, huja ya kahawia, yamebeba kutu na udongo, na huo wavu ndio unakula zote. Chomoa umeme kwanza, tafadhali. Funga maji, fungua mpira, vuta wavu polepole kwa plaisi, sugua na mswaki wa zamani, rudisha. Usiutupe ati ndio maji yapite haraka. Huo uchafu utaingia kwa valvu, na hapo sasa utanunua kweli. Wetu ulikuwa umejaa matope kama sakafu ya matatu wakati wa mvua. Kuusafisha tu kulitupa siku mbili zaidi kila wiki.

Siku zilizobaki zinataka presha. Kuna njia mbili. Pampu ndogo ya kuongeza presha, ambayo inafaa kuwekwa baada ya tangi. Ukiiunganisha moja kwa moja na bomba la barabarani, unawanyonya majirani. Ama kuinua tangi mita 2 kwa stendi ya chuma, na hapo hata likikaribia kuisha uko juu ya 0.5, bila bili ya stima. Mimi naunga mkono stendi, kwa sababu itasaidia orofa nzima.

Na yule wa "mashine inakula maji": yetu hutumia kama lita 12 kwa mzunguko mmoja. Beseni mbili za kuosha na kusuuza, ukibadilisha maji mara moja tu, umeshapita hapo.

Kwa sasa broo mkubwa ndiye husafisha wavu kila siku ya maji, maana nilimwambia hiyo si kazi ya sinki, ni kazi ya plaisi, akakubali haraka sana. Landilodi anasema stendi ni gharama. Nimempelekea hesabu ya presha na majina ya nyumba nne za orofa yetu. Anafikiria.