Mtihani kwa Lugha ya Nani?

Neno mtihani limebeba mizigo miwili katika Kiswahili. Wa kwanza ni karatasi ya maswali iliyofunikwa mezani, saa ukutani na msimamizi anayepita kati ya madawati. Wa pili ni jaribu la maisha: ukame, ugonjwa, mume aliyeondoka bila kuaga. Mtu akiguna na kusema "huu ni mtihani", hatumuulizi ni somo gani. Neno lilitufikia kutoka Kiarabu, likazaa kutahini, mtahini na mtahiniwa. Mtahini ndiye anayeuliza, mtahiniwa ndiye anayeulizwa, na silabi moja tu, -wa, ndiyo inayowatenganisha. Nimefundisha unyambulishaji huo kwa miaka mingi katika shule ya sekondari wilayani Kyerwa. Neno lenyewe lilianza kunisumbua pale mtoto wa kaka yangu alipofika ngazi ya mwisho ya safari ya uwakili.

Tanzania Bara, shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Mhitimu hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na yenye makao yake Dar es Salaam. Wengi tulianza kuitaja taasisi hiyo Oktoba 2022, yalipotangazwa matokeo ya wanafunzi 633 ambao kati yao 26 tu ndio waliofaulu masomo yote. Taifa lilishtuka. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili kuchunguza sababu. Katika mjadala wa wananchi suala la lugha halikukosekana: je, vijana hawa walishindwa sheria, au walishindwa Kiingereza cha kuielezea?

Wanafunzi wenyewe wana Kiswahili chao cha msiba huo. Anayerudia mtihani "ana sapu". Aliyeondolewa masomoni "amedisko". Ni maneno mafupi, kama ya mtu anayetaja ugonjwa wake bila kutaka kuulizwa zaidi.

Binti yetu alikuja nyumbani likizo na karatasi ya kanuni za chumba cha mtihani, yote kwa Kiingereza. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alikuwa akimenya ndizi. Lugha yake ya kwanza ni Kinyambo. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kanisani, na kinamtosha. Akasema, "Hebu someni hizo sheria za mtihani wa sheria, nami nisikie." Mjukuu akasoma, mimi nikafasiri, na pale Kiswahili kilipomzidi mama nikavukia Kinyambo.

Kanuni ya kwanza ilitaka mtahiniwa aandike namba badala ya jina. Mama alisimamisha kisu. "Kwa hiyo anayesahihisha hajui huyu ni mtoto wa nani?" Hajui, tukamwambia. "Hilo ni jema," akasema, akaendelea kumenya.

Kanuni nyingine ilisema kuwa kukutwa na karatasi isiyoruhusiwa ni kosa, hata kama mtahiniwa hakuisoma. Hapo alibisha. "Na kama aliisahau mfukoni?" Mjukuu akamweleza kuwa mtuhumiwa hupewa nafasi ya kujieleza kabla ya kuamuliwa. Mama akataka kujua anajieleza mbele ya nani, na kama yule aliyemkamata ndiye pia atakayemhukumu.

Nilimtazama binti yetu, naye akanitazama. Kwa maswali mawili bibi yake alikuwa amefika kwenye nguzo za haki ya asili: kwamba mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa, na kwamba asiwepo anayekuwa mwamuzi wa shauri lake mwenyewe. Hakuhitaji Kilatini. Alihitaji tu kufasiriwa.

Tulipofika kwenye neno kuamua, nilimfasiria kwa kuramura. Wapenzi wa lugha wataona mara moja kwamba maneno hayo ni ndugu. Kiswahili kimedondosha konsonanti ambazo Kinyambo bado kinazitamka. Katika lugha zote mbili anayeamua shauri na anayeamua ugomvi wanatumia kitenzi kimoja. Anayetaka kulichimba zaidi jamii hii ya maneno ana pa kuanzia: Profesa Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002. Sheria ilikuwa na msamiati wake Karagwe kabla karatasi ile haijafika.

Jioni binti aliniomba nimrahisishie kanuni zile azishike kichwani. Nikamfungia ubeti:

Mwanangu nenda mapema, saa isije kupita,
Namba yako weka vyema, jina lako wewe futa,
Simu mpe wako mama, kimya chako ndicho kuta,
Kengele ikishasema, shusha wino bila vita.

Ni ubeti wa nyumbani, sidai zaidi ya hapo. Lakini kuutunga kulinikumbusha mtu ambaye washairi tunamjua kwa kazi moja na wanasheria wangepaswa kumjua kwa nyingine. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika huru. Aliyetupa sheria za vina na mizani kwa Kiswahili ndiye aliyekabidhiwa sheria za nchi, ambazo ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Tumebishana juu ya arudhi yake tangu hapo, wengine wakiilinda na wengine wakiivunja, na tumeweza kubishana kwa sababu kila mmoja wetu aliisoma akaielewa. Kanuni isiyoeleweka haibishiwi. Huogopwa tu.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Januari 2021, Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika kwa Kiswahili uamuzi katika shauri la mgodi wa North Mara na Gerald Nzumbi, na Februari 1 mwaka huo Rais Magufuli akatangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Hapo ndipo tofauti inapoonekana: binti yetu anatahiniwa kwa Kiingereza ili akawatetee kwa Kiswahili watu wanaomsimulia kesi zao kwa Kinyambo.

Mama anaijua tofauti hiyo kwa mwili wake. Kabla ya mwaka 2021 alikuwa na shauri la kibanja katika chombo kimoja cha maamuzi. Siku ya hukumu alikuwa mgonjwa, akaletewa nakala nyumbani, kurasa kadhaa za Kiingereza. Mimi nilikuwa safarini. Aliziweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, akaomboleza migomba aliyoipanda na mumewe. Siku tisa baadaye nilirudi, nikasoma. Alikuwa ameshinda.

Najua hoja za upande wa pili, na si dhaifu. Sheria yetu imebeba mapokeo ya Kiingereza tangu mwaka 1920, na maamuzi ya kufuatwa yamejaa majalada kwa lugha hiyo. Wakili asiyekisoma Kiingereza atakuwa kipofu wa nusu ya maktaba yake. Sitaki binti yetu awe hivyo. Ila hoja ya kwamba Kiswahili hakina maneno imechakaa: A. B. Weston alikusanya istilahi za sheria kwa Kiswahili tangu 1968, na TUKI ilitoa Kamusi ya Sheria mwaka 1999.

Ninaloliomba ni dogo. Kwanza, kanuni za chumba cha mtihani ziandikwe kwa Kiswahili pia, kwa kuwa ndiyo sheria ya kwanza inayomfunga wakili mtarajiwa. Pili, katika mafunzo yanayojiita ya vitendo, liwepo swali moja linalompa mtahiniwa hukumu ya kurasa kumi na kumtaka amweleze mteja, kwa Kiswahili chepesi cha ukurasa mmoja, kama ameshinda au ameshindwa, kwa nini, na ana siku ngapi za kukata rufaa. Anayekwama hapo apewe sapu kama wengine.

Binti yetu amefanya mitihani yake na anasubiri matokeo. Hukumu ya mama bado iko kwenye mfuko uleule, sasa ikiwa na ukurasa wa ziada: tafsiri aliyoiandika mjukuu kwa mkono kabla hajapanda basi la Dar es Salaam. Mstari wake wa kwanza unasema, "Bibi, shamba ni lako."