Kutoshea Si Kufaa



Jioni moja tulikuwa tukinakili video za wazee wakisimulia historia ya kijiji chetu, gigabaiti 150, kutoka diski ya nje hadi kompyuta. Waya wa diski ulikuwa umepotea. Kijana mmoja akaleta waya wa simu. Ukaingia, taa ikawaka, tukafurahi. Saa nzima ikapita, mafuta ya jenereta yakaisha, kazi haijakamilika.

Niliilaumu diski kwamba imezeeka. Nilikosea. Tundu la diski ile ya USB 3.0 lina sehemu mbili, na waya wa simu hujaza moja tu. Waya wa USB 2.0 una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data, upeo wake ni megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0, iliyotolewa mwaka 2008, iliongeza nyuzi tano, na upeo ukafika gigabiti 5. Tena ziko waya za kuchaji tu, ambazo hazipitishi data hata kidogo.

Kesho yake tulipata waya unaostahili. Kazi ikaisha kwa muda usiofika nusu saa.

Hata hivyo, msidanganywe na bei. Ikiwa diski au kompyuta yenyewe ni ya polepole, waya wa gharama hauongezi kitu. Safari huenda kwa mwendo wa kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Basi, kabla ya kumlaumu mzee, tuuchunguze kwanza waya tuliompa.