Ziwa Lilipofungwa, Mahari Yakabaki Deni



Julai 2024 tulitoka Unguja kumsindikiza mdogo wetu, bi harusi, hadi Rusimbi, Ujiji. Bibi yake mzaa baba ni mtu wa kule na hawezi tena safari, kwa hiyo nikaha ilipangwa nyumbani kwake.

Siku ya kwanza tuliteremka ziwani na kanga zetu, tukauliza maji yanakupwa saa ngapi tukaokote chaza. Wenyeji walicheka mpaka machozi! Bi harusi, aliyekuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya bahari chuoni, akatueleza: mwezi na jua huvuta maji ya ziwa pia, lakini mbele ya bahari ziwa ni dogo, hata kupwa na kujaa kwake hakuonekani kwa macho.

Jioni kicheko kikaisha. Jamaa za bwana harusi ni wavuvi wa dagaa, na serikali ilikuwa imefunga uvuvi Ziwa Tanganyika tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Taa za dagaa zilikuwa zimezimwa, na nusu ya mahari haikupatikana. Shangazi akasema tufunge mabegi. Kwa kweli, baadhi yetu tulimuunga mkono.

Bi harusi akamuuliza, "Shangazi, ukimimina maji ya moto taratibu juu ya ndoo ya maji baridi, usikoroge, inakuwaje?"

"Juu moto, chini baridi."

"Ndivyo ziwa lilivyo."

Akaendelea. Maji ya vuguvugu ni mepesi, hukaa juu. Ya baridi ni mazito, hukaa chini. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, ni la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, lakini hewa ya kuvuta samaki huishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu. Chini ya hapo hakuna samaki. Na huko huko ndiko inakozama mbolea ya ziwa. Kiangazi, upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini hupanda na mbolea yake. Vijimea huota, vidudu hula vijimea, dagaa hula vidudu.

Sasa dunia inapata joto. Maji ya juu yakizidi kuwa mepesi, upepo hushindwa kuyakoroga na ya chini, na chakula hupungua. Tukivua bila kupumzika juu ya hilo, tutabaki na nyavu tupu.

"Huyu hakunidanganya," akamaliza. "Ziwa limepumzishwa ili naye awe na kazi mwakani."

Shangazi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema mahari ni haki ya mke, si yetu, na mwenyewe akiridhia sehemu icheleweshwe, sheria inaruhusu. Ila iandikwe, na mashahidi wasikie. Ikaandikwa. Nikaha ikafungwa Ijumaa ile ile.

Mabibi harusi, msisamehe haki zenu kwa haya, wala msivunje ndoa kwa hasira. Ulizeni kwanza sababu.

Deni lililipwa lote Oktoba, alhamdulillah. Juu yake tuliletewa gunia la dagaa, na Shangazi ndiye aliyewagawia majirani.