Ukingo wa Dari na Ukingo wa Barabara



Juma hili tunawaalika kutafakari pamoja nasi jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuliachia serikali: mahali magari yanapoegeshwa katika makazi yetu, na usalama wa wale wanaopita kati ya magari hayo. Huenda mtu akauliza mapadre wanatafuta nini kwenye maegesho. Jibu letu ni fupi. Anayeitwa kuwazika watu ana haki ya kuuliza wanakufa kwa sababu gani.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, iko amri ndogo ambayo aghalabu tunaipita tukisoma kwa haraka. Inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili nyumba isije ikabeba hatia ya damu endapo mtu ataanguka. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari bapa. Watu walipanda juu kuanika mazao, kupunga upepo, hata kulala. Tuangalie vizuri amri hiyo inavyosema. Haingoji mtu wa kwanza aanguke ndipo kikao kiitwe. Tena haimwelekei mgeni na kumwambia awe mwangalifu. Inamwelekea mwenye nyumba, yaani mwenye uwezo wa kujenga ukingo. Na katika lugha yetu, neno ukingo liko jirani kabisa na neno kukinga.

Sasa tutoke darini, tushuke barabarani.

Wazee wa Kibiti na Ikwiriri wanakumbuka safari ya kusini ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa. Magari yalipanga foleni Ndundu kungoja kivuko, na mto ukijaa abiria walilala njiani. Mwezi Agosti mwaka 2003 daraja lile lenye urefu wa mita 970 lilifunguliwa, na zaidi ya miaka kumi baadaye kipande cha lami cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, nacho kikakamilika. Tulimshukuru Mungu, na bado tunamshukuru. Mgonjwa anafika hospitali akiwa hai, korosho na ufuta vinafika sokoni, samaki na kamba wa delta wanaliwa Dar es Salaam wakiwa wabichi.

Lakini barabara ikibadilika, mji ulio kando yake nao hubadilika maana. Jaribu Mpakani, Bungu na Kibiti ni makazi yaliyokua kandokando ya njia, kama vijiji vya wavuvi vinavyokua kandokando ya maji. Palipopita magari machache ya polepole sasa yanapita mabasi ya Lindi na Mtwara, malori ya simenti, na pikipiki zisizohesabika. Nyumba zetu zimebaki pale pale, na watoto wetu wanavuka pale pale.

Tunapozungumzia ajali, mara nyingi tunazungumzia gari linalokwenda. Leo tutazame gari lililosimama. Lori linaegeshwa mbele ya nyumba za watu, dereva akashuka kula. Halimgusi mtu. Hata hivyo limejenga ukuta kati ya mtoto anayetaka kuvuka na dereva anayekuja. Mtoto hamwoni dereva, wala dereva hamwoni mtoto, mpaka yule mdogo atokeze mbele ya lori. Tufanye hesabu rahisi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22. Mtoto akitokeza ghafla umbali wa mita kumi, dereva wa mwendo halali hana hata sekunde moja. Kabla mguu wake haujafika kwenye breki, yamekwisha. Kwa hiyo mwendo halali peke yake hautoshi. Lazima mtoto na dereva waonane mapema, na kuonana huko kunaamuliwa na mahali lori lilipoegeshwa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hicho ndicho chanzo kikuu cha vifo duniani. Huo ndio umri wa watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza, wa Kipaimara, wa kwaya ya vijana, na wa wazazi wapya wanaoleta vichanga vyao kubatizwa.

Basi kwa nini malori yasifukuzwe tu? Hapa ndipo penye ugumu, nasi tusiuruke. Lori likisimama, kuna mama anayeuza wali na samaki. Kuna kijana mwenye ndoo ya machungwa, mwingine mwenye korosho za kukaanga, mwingine anayeziba pancha. Tunapotembelea jumuiya ndogondogo tunaketi katika nyumba hizo, na tunajua ada ya shule inatoka wapi. Mama yule yule anayemlisha dereva ndiye mama wa mtoto anayevuka nyuma ya lori. Riziki yake na hatari yake zimeegeshwa mahali pamoja. Sheria inayoona hatari tu itamfukuza, naye atarudi jioni, maana njaa haisomi mabango. Sheria inayoona riziki tu itamwachia mkate na kumchukulia mtoto. Miezi ya mwisho ya mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipohamishwa kutoka kandokando ya barabara katika miji mingi ya nchi yetu, somo hilo lilionekana: aliyepelekwa mahali pasipo wateja hakukaa.

Nani basi anaamua? Mwananchi wa kawaida hapa huchanganyikiwa, na si kosa lake. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake huweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Wengi wetu tumeijua kwa alama ya X kwenye kuta za nyumba. Barabara za mitaani na za vijijini, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Mwendo kasi na makosa ya madereva ni kazi ya polisi wa usalama barabarani. Masoko, stendi na sheria ndogo ni mambo ya Halmashauri ya Wilaya, kupitia Baraza la Madiwani. Jambo lenye wenyewe wanne huweza kulala njaa bila hata mmoja kuona aibu.

Hata hivyo, mlango upo, nao uko karibu kuliko tunavyodhani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kabla ya kuipeleka wilayani kwa idhini, ni lazima wanakijiji waitwe na maoni yao yasikilizwe. Katika mkutano mkuu wa kijiji kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe: mvuvi, mama lishe, mwalimu, bodaboda, shehe na padre. Haulizwi dini wala chama. Mahali lori litakaposimama kunaweza kujadiliwa na yule yule ambaye mtoto wake anavuka hapo.

Tunakumbuka pia kwamba yapo maamuzi ya barabara yasiyongoja mikutano. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoziliza familia nyingi za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni. Ulikuwa wakati wa hofu, na amri ya wakati wa hofu hutolewa upesi. Kipindi hicho kimepita, na amani ni neema inayotudai kitu. Wakati wa amani tunayo nafasi ya kuketi na kusikilizana, na asiyekwenda mkutanoni wakati wa amani amewaachia wengine wamwamulie.

Ndugu zetu wa Mbwera, Salale na Kiongoroni wanaweza kutufundisha hapa. Katika vijito vya delta hakuna trafiki wala taa. Lakini hakuna nahodha anayefunga chombo chake katikati ya mlango wa mkondo, kwa sababu maji yakijaa na yakipwa wenzake wanapita hapo hapo. Hakuna aliyemwandikia sheria hiyo. Ameipata kwa kujua kwamba mkondo si wake peke yake, na kwamba kesho yeye ndiye atakayetaka kupita. Ni ajabu kidogo kwamba mtu huyo huyo akishuka Nyamisati, akapanda gari hadi Bungu, anakuta mahali ambapo kila chombo kimefungwa mlangoni.

Mama Kanisa hakukaa kimya kuhusu habari hizi. Katekisimu, katika namba 2290, inafundisha kwamba mtu anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi, barabarani, baharini au angani, anajitwika hatia nzito. Mwezi Juni mwaka 2007, Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za madereva. Ya kwanza ni ile ile inayokataza kuua. Ya tisa inaagiza kumlinda aliye dhaifu zaidi barabarani. Wengine waliona jambo hilo ni la kuchekesha. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu hatuoni la kucheka.

Tukiketi katika mikutano yetu, tunapendekeza tutetee mambo manne.

Kwanza, sheria ndogo ianze kwa kuonyesha mahali pa kuegesha kabla ya kutaja mahali palipokatazwa. Malori yatengewe uwanja nje ya makazi, wenye maji, choo na mwanga. Anayekataza bila kuonyesha njia amepanda faini tu.

Pili, wauzaji wahame pamoja na malori. Mama lishe apewe nafasi yake katika uwanja huo kabla lori la kwanza halijahamishwa, na yeye awemo katika kamati inayopanga.

Tatu, kwenye kona, kwenye vivuko na mbele ya malango ya shule, zahanati, misikiti na makanisa pasiegeshwe chombo chochote, ili macho yapite. Hata Dominika, baada ya Misa, pikipiki na magari ya waamini yawe ndani ya viwanja vya kanisa. Ukingo huo wa macho ni nafuu. Dar es Salaam, shirika la Amend limeonyesha katika shule za msingi kwamba njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi vidogo vinapunguza majeraha ya watoto. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Ni vitu ambavyo fundi wa kawaida anavijenga.

Nne, faini iwe na stakabadhi, na isigeuzwe shamba la kuvuna mapato. Siku halmashauri itakapotamani makosa yaongezeke ili kapu lijae, sheria itakuwa imekufa ingawa karatasi yake ingali hai.

Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2005, umeiweka Jumapili ya tatu ya Novemba kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa ajali za barabarani. Kwetu Novemba ni mwezi wa Marehemu wote. Tunapendekeza kila jumuiya ilete majina ya watu wake waliokufa barabarani, bila kujali dini zao, yasomwe polepole katika sala ya waamini. Na baada ya kusoma majina hayo, tuulize mkutano ujao wa kijiji ni lini.

Maana kusali kwa ajili ya marehemu ni tendo la huruma, na kuweka ukingo ili pasiwe na marehemu mwingine ni tendo la huruma vilevile. Tofauti ni kwamba la pili halina wa kulishukuru. Mtoto aliyevuka salama hajui kwamba kulikuwa na kikao, kwamba mama lishe alisimama akasema, kwamba diwani alisikiliza, na kwamba lori lile lilihamishwa. Anajua tu kwamba amefika shuleni. Tuwafanyie watoto wetu wema wa namna hiyo, ambao hawatakuja kuujua.

Mwenyezi Mungu aliyewaongoza baba zetu njiani awalinde wote wanaosafiri, wanaovuka na wanaotafuta riziki kando ya barabara zetu.