Seva Isiyo na Daftari la Wageni

Hodi ina adabu zake. Unasimama nje, unatoa sauti, unasubiri. Ukiambiwa karibu, unaingia. Ukiambiwa hayupo, unarudi ulikotoka. Miezi michache iliyopita niliandika programu inayofanya kazi hiyo tu: kukaa mlangoni na kuitikia hodi. Wenyewe wanaiita seva. Mimi ni mwandishi wa habari, sikusomea kompyuta, na mistari yote ya programu hiyo haifiki mia moja. Ila imenifanya niutazame upya uhusiano wangu na msomaji.

Seva yangu inazungumza itifaki iitwayo Gemini. Itifaki ni makubaliano ya namna kompyuta mbili zinavyosalimiana na kupeana kitu. Hii ilianzishwa Juni 2019 na mtu anayejiita Solderpunk. Jina limetoka kwenye mradi wa NASA uliokuwa katikati ya Mercury na Apollo, kwani itifaki nayo inataka kukaa katikati: nzito kidogo kuliko Gopher, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, na nyepesi mno kuliko wavuti tuliyoizoea. Hata namba ya mlango wake ni 1965, mwaka ambao mradi ule ulirusha watu angani kwa mara ya kwanza.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Mgeni anatuma mstari mmoja tu, anwani ya ukurasa anaoutaka, isiyozidi baiti 1,024. Seva inajibu kwa mstari mmoja unaoanza na tarakimu mbili, inatoa maandishi, inafunga mlango. Kwisha. Ukitaka ukurasa mwingine, piga hodi upya. Hakuna vidakuzi, hakuna matangazo yanayoruka usoni, hakuna picha zinazojipakua zenyewe na kula bando lako. Viungo navyo havichomekwi katikati ya sentensi. Kila kimoja kinakaa kwenye mstari wake. Kwa hiyo aya inabaki kuwa aya, na jicho halivutwi huku na huku.

Kazi iliyonichelewesha zaidi ni ya ulinzi. Kuna mgeni anayeomba ukurasa huku anwani yake imejaa nukta mbili mbili za kupanda juu ya folda, akitaka kufika kwenye mafaili ambayo hukuyaweka sebuleni. Huyo lazima azuiwe kabla hujamfungulia yeyote. Halafu kuna cheti cha usalama, maana Gemini haikubali mazungumzo yasiyosimbwa.

Baada ya hapo zikaja zile tarakimu. 20 maana yake karibu, hiki hapa. 51 maana yake hakipo. 52 maana yake kilikuwepo, kimeondoka, usikisubiri tena. Hiyo 52 niliikodolea macho kwa muda. Mwaka jana mama mmoja niliyewahi kumhoji kuhusu ususi wa mikeka alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza: "Mwanangu, ile habari yangu iko wapi? Mjukuu kaitafuta kwenye simu, haioni." Gazeti lililoichapa lilikuwa limebadilisha tovuti, na habari za zamani hazikuhamishwa. Aliyeitafuta alipewa ukurasa wa kosa, kana kwamba habari haikuwahi kuandikwa. Hata wavuti ina namba yake ya kusema "kilikuwepo, kimeondoka", nayo ni 410. Hakuna aliyejisumbua kuitumia.

Nakala ninazo, kwa sababu huwa siandiki mahali pasipo pangu bila kubaki na yangu. Hizo ndizo zikawa kurasa za kwanza za seva. Kwenye mstari wa jibu, itifaki inakuruhusu kutaja lugha ya maandishi, hivyo kila ukurasa wangu unatoka na maneno haya: 20 text/gemini; lang=sw. Ni herufi chache tu, lakini zinamwambia mgeni kabla hajasoma neno la kwanza kwamba hapa kinaongewa Kiswahili.

Rafiki yangu mmoja, mhariri, alicheka. "Kaka, umefungua duka porini." Ana hoja. Vivinjari ambavyo wengi wetu tunavyo havifungui Gemini. Unahitaji programu nyingine, kama Lagrange au Amfora. Yule mjukuu nilimtumia habari ya bibi yake kwa WhatsApp, na sikuona sababu ya kumlazimisha apitie njia yangu. "Sasa utajuaje kama kuna anayesoma?" akauliza mhariri.

Hapo ndipo penyewe. Nilipofika kwenye kuandika kumbukumbu za seva, niligundua kwamba seva haikumbuki chochote mpaka uiambie ikumbuke. Mgeni anapokuja, namba ya mtandao wake inafika, maana bila hiyo huwezi kumrudishia jibu. Jibu likishaenda, namba inapotea, isipokuwa pale mtu anapoandika mstari wa kuihifadhi. Miaka yote nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari ambamo idadi ya wasomaji inatajwa kila kikao: nani kabofya, kakaa dakika ngapi, katokea mji gani. Nilidhani ndivyo intaneti ilivyo, kama mvua. Kumbe kila hesabu ile ina mstari wake, na kila mstari una mtu aliyeamua kuuandika.

Sisi waandishi tunafundishwa kumlinda mtoa habari hata ikibidi kufika mahakamani. Msomaji je? Anayesoma makala kuhusu ugonjwa wake, au kuhusu chama ambacho mwajiri wake hakipendi, tunamwandika daftarini bila hata kumwambia. Gemini haimfichi mtu kabisa. Kampuni ya mtandao wake bado inaona kwamba ameunganishwa na kompyuta yangu, ingawa ukurasa anaousoma hauoni. Sehemu iliyo mikononi mwangu ni ule mstari mmoja wa kuhifadhi.

Sikuuandika. Kwa hiyo rafiki yangu akiniuliza tena nina wasomaji wangapi, sina jibu la kumpa. Seva iko hewani, habari ya mikeka iko pale, na anayepiga hodi anakaribishwa bila kuulizwa katokea wapi.