Malipo ni Hapa Duniani: Imani Yangu na Kibuyu cha Jirani

Wahenga walinena kwamba malipo ni hapa hapa duniani, ahera kwenda hesabu. Sisi wanafunzi wa fasihi tumeiandika methali hii katika insha tangu shule ya msingi, na aghalabu tumeitumia kumfikisha mhusika mwovu mwisho wake. Katika makala haya sikusudii kuihakiki. Nakusudia kukiri jinsi nilivyoitumia vibaya.

Nililelewa Kaptembwo, mjini Nakuru. Mama yangu alifanya kazi za nyumbani kwa bibi mmoja mzee wa Kihindi mtaani Milimani, mfuasi wa dini ya Kijaini. Jikoni mwake hapakuingia nyama, samaki wala mayai. Hilo tulilielewa. Lililotushinda ni kwamba hakula hata viazi, vitunguu wala karoti, kwa kuwa kiazi hakichimbuliwi ila viumbe wadogo wa udongoni wadhurike, na mmea wenyewe ufe. Katika mji unaolishwa na viazi vya Molo na Nyandarua, jambo hilo lilikuwa kichekesho. Siku moja ya likizo nilifuatana na mama kazini, nikathubutu kumuuliza bibi iwapo Mungu wake anaogopa kiazi. Mama alinikazia macho. Bibi alicheka, akanieleza kwamba karma maana yake ni tendo, basi. Tendo ni la mkono wako, na tunda lake litarudi katika mkono huo huo.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini. Nakuru ilifikiwa na moto huo mwishoni mwa Januari 2008, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mjini mwetu hakuna jamii iliyoweza kujitapa kuwa mikono yake ilikuwa safi. Wakikuyu, ambao ndio watu wangu, Wakalenjin na Wajaluo, wote waliumiza na kuumizwa. Sisi tulitoka Kaptembwo usiku na mablanketi mawili, tukaishia katika Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo pamoja na maelfu ya wenzetu. Siku ya nne gari dogo lilileta vyakula. Mama alimtambua dereva. Alikuwa ametumwa na yule bibi. Mlikuwa na mchele, maharagwe na gunia zima la viazi. Baadaye mama alipokwenda kutoa shukrani, alimuuliza imekuwaje akanunua kitu asichokubali kiingie jikoni mwake. Bibi alijibu, "Kiapo ni changu. Njaa ni yenu."

Maneno hayo sikuyaelewa wakati ule. Kambini nilikuwa na dua moja tu, kwamba waliotufukuza walipwe. Tuliporejea, baada ya mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari 2008, tulikuta mlango umevunjwa na vyombo vimeporwa. Jioni hiyo jirani yetu wa Kikalenjin alibisha hodi. Mkono mmoja alishika kibuyu cha mursik, na kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa leso. Siku zile watu walionyana wasile wala wasinywe cha jirani wa kabila jingine. Mama alipokea, akanywa. Mimi nilisema kwa sauti kwamba sinywi maziwa ya watu waliotufukuza, kisha nikatoka nje.

Miezi michache baadaye mume wa jirani huyo alianguka kazini, akavunjika mguu na kupoteza kibarua chake. Nilijiambia kwamba malipo yameanza. Nilifurahi. Neno hilo naliandika kwa aibu.

Mwaka 2011 nilitakiwa kupeleka shuleni cheti cha kuzaliwa. Nilidhani kilipotea katika uporaji. Mama alitoa mkebe chini ya kitanda, nacho kilikuwamo, pamoja na kitambulisho cha marehemu baba na kadi yangu ya kliniki. Usiku ule tulipokimbia, jirani aliingia chumbani mwetu kabla ya waporaji, akauchukua mkebe na kuuficha. Vijana wa kabila lake walipopata fununu, walimpiga mumewe makofi na kumwita msaliti. Mkebe huo ndio uliokuwa umefungwa ndani ya leso. "Wewe ulitoka nje kwa hasira kabla hajaufungua," mama aliniambia.

Nilipoisoma tena Adili na Nduguze ya Shaaban Robert katika masomo ya uzamili, sikustaajabia sana masaibu ya wale nduguze waliogeuzwa manyani. Nilimwangalia Adili, anayelazimishwa na jini kuwachapa kila usiku, kisha akawabembeleza kwa uchungu. Yeye alikishika kiboko bila kupenda. Mimi nilikuwa nimejikabidhi changu mwenyewe, tena nikakipa jina la haki.

Basi, ndugu msomaji, imani yangu leo ni hii. Naamini kwamba tendo humrudia mtendaji, lakini sina idhini ya kuzisoma hesabu za mwingine katika msiba wake. Nina daftari moja tu ninaloweza kulikagua, nalo ni langu. Kwa miaka minne sasa sili nyama. Hata hivyo, ami zangu wakichinja mbuzi, nashika kisu nikawakatia wazee, kisha nakaa nao na sahani yangu ya irio. Kiapo ni changu. Sikukiweka ili kiwe ukuta baina yangu na watu.

Maziwa nakunywa. Kila Desemba nikirudi Kaptembwo, hupita kwa jirani yule, ambaye sasa ni mzee, naye hunimiminia mursik bila kutaja siku ile. Mimi pia sijawahi kuitaja. Nimekuwa nikijidanganya kwamba kumaliza kikombe kunatosha kuwa msamaha. Hakutoshi. Nimeyaandika haya kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi naye twasalimiana kwayo, ili nizoee maneno yenyewe kabla ya Desemba kufika.